Haikuwa busaa, yalikuwa maganda

Sawa, nimeona. Tangu jana jioni simu inalia tu, na najua ni nani ameanza. Ni huyo jamaa yangu niliyemlipia nauli ya kwenda na kurudi ili anisindikize kwa wakwe, badala ya kushukuru akaandika kwa grupu ati "msee wetu amepelekea mzee wa kanisa busaa," ile pombe ya kienyeji. Sasa nimekaa hapa Kondele, Kisumu, shati bado iko kwa beseni na bado inanuka, na nataka kusafisha jina langu. Haikuwa busaa. Yalikuwa maganda ya nanasi.

Ndio, najua. Nimejisomea tena hapo na naona haisaidii.

Wanaonijua wanajua tangu Januari mimi situpi kitu. Soko la Kibuye naenda Jumapili jioni wamama wakianza kufunga, hapo ndio fungu la nyanya la hamsini linakuwa la ishirini, zile zimelainika kidogo, unafika nyumbani unachemsha zote usiku huo huo unapikia wiki nzima. Vikonyo vya sukuma nakatakata vidogo, naviweka kwa kitunguu kabla ya majani. Maganda ya waru, yaani viazi, naosha, natia chumvi, nakaanga, hizo ni krisps na usinibishie. Na ni mimi niliwasomea kwa grupu ile ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kwamba mwaka wa 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hiyo ilitoka majumbani, nikawaambia ni nyinyi hao na sufuria zenu. Leo kuna mtu amejibu hiyo meseji yangu ya zamani, "ongeza lita tano za Luanda." (Luanda ya Vihiga, kwa wakwe.) Nimenyamaza.

Sasa wakwe. Nilikuwa naenda Jumamosi kule ndani ndani ya Luanda, kujulishwa tu, bado si mahari, ni chai na kuonekana uso. Mchumba akanitumia listi: sukari, majani, mafuta ya kupika, unga, mkate, kreti ya soda. Zote nikakubali ila kreti ikaniuma. Na hapo tu barabarani kuna kijana anauza vipande vya matunda, maganda anatupa kwa gunia. Nikamwomba maganda ya mananasi sita, nitengeneze juisi badala ya soda. Akaniuliza kwani nafuga nguruwe? Nikasema ndio. (Huo ni uongo wa kwanza, hesabuni.)

Wale mmekuja inboksi kuniuliza hiyo juisi ya maganda inatengenezwa aje, mko na roho ngumu, lakini sawa. Unaosha maganda vizuri, unaloweka kwa maji na sukari na tangawizi, unafunika na kitambaa, siku mbili tatu unachuja, unakunywa ikiwa baridi. Tamu sana. Ukiiacha ipate hewa kama mwezi hivi inakuwa siki. Lakini kutoka juisi kwenda siki kuna steji ya katikati inaitwa pombe, na mimi ndio nilishukia hapo.

Juu niliacha siku tano. Keja ya mabati, joto ya Kisumu mnaijua. Ijumaa usiku nikaonja nikaona imekuwa kali kidogo, nikaongeza sukari robo kilo, nikajaza mtungi wa mafuta ya kupika wa lita tano, nikakaza kifuniko na nguvu zangu zote ndio isimwagike kwa matatu.

Haikumwagika kwa matatu. Tulipita Kisian, tukapita Maseno, mtungi uko katikati ya miguu yangu unatulia kama mtoto. Ni hapo karibu na ile alama ya ikweta jamaa yangu aliuangalia akasema, "huu mtungi wako umenona." Nikamwambia ni joto. Kushuka Luanda tukachukua boda, barabara ya murram mashimo matupu, mtungi nimeukumbatia kifuani unatingishika kilomita zote hizo, na mimi najisifu moyoni vile nimeokoa pesa ya kreti.

Mama mkwe akaupokea na mikono miwili. Akauweka katikati ya meza, juu ya kitambaa chake cha kufuma, cheupe. Akauliza ni nini, nikasema ni juisi ya nanasi, mama, ile ya asili. Ametengeneza nani? Nikasema kuna mama fulani Milimani huwa anauza. (Wa pili.)

Mzee akasema kabla ya yote tuombe. Tukasimama. Mzee, mama, mchumba wangu, shangazi wawili, kukhu yao, yaani bibi yao mzee, amekaa pale pembeni na fimbo yake, mimi na huyu msaliti. Na mzee anaomba vizuri, sio haraka haraka, akaombea safari yetu, akaombea dereva, akaombea mtu wa boda, akaombea mvua, akaingia kwa viongozi wa nchi. Hapo kwa viongozi ndio nikasikia.

Ssssss.

Nikafungua jicho moja. Mtungi ulikuwa umevimba mpaka chini imekuwa mviringo, haukai tena, unayumba pole pole juu ya kitambaa. Mnajua tumbo la ng'ombe amekula majani yenye umande? Hivyo. Nikaangalia jamaa yangu, na yeye amefungua yake mawili, anauangalia, anaangalia mimi, anauangalia. Hakuna mtu alipumua. Mzee alikuwa amefika kwa vijana wanaoanza familia.

Nikawaza: nikiuacha utapasuka. Nikiubeba nje katikati ya maombi, kwa wakwe, siku ya kwanza, nitaambia watu nini? Basi nikaona njia ya tatu, ya mtu mwerevu, nifungue kifuniko kidogo tu, robo ya mzunguko, hewa itoke kwa adabu. Nikainama kama mtu ameguswa na maombi. Nikanyoosha mkono. Nikashika kifuniko, ni cha moto na kimekaza, nikasukuma, hakisongi, nikasukuma tena na nyuma yangu nasikia mzee akisema, "Mimina, Baba! Mimina baraka zako juu ya hii nyumba, mimina mpaka zifurike!"

Kikasonga.

Wasee, ilipiga kama tairi ya lori ikipasuka. Kifuniko kilikosa sikio langu kidogo tu, hatujakiona mpaka leo. Juisi ikapanda ikafika silingi, ikakaa huko kidogo, naapa niliiona ikikaa, halafu ikashuka juu ya watu wote bila ubaguzi. Kalenda ya kanisa ikalowa. Kuku alikuwa chini ya kiti akatoka na dirisha. Shangazi mmoja akaanza kunena kwa lugha, na mwingine alikuwa tayari amelala chini akisema tumepigwa risasi. Kipande cha ganda, mimi nilidhani nimechuja, kikatua juu ya kilemba cha mama mkwe kikabaki hapo kama ua.

Mzee hakufungua macho. Alimalizia. "Katika jina la Yesu, amina." Tukasema amina.

Halafu harufu ikafika.

Mzee akajipangusa uso na leso. Akapitisha ulimi kwa masharubu mara moja, akatulia, akaonja tena. Akaniangalia bila hasira, hiyo ndio iliniua. Akasema, "Kijana wangu, mimi niliokoka kitambo, lakini hii naijua."

Nikasema ni maganda, mzee. Akasema, "Ya?" Nikasema ya kutupwa. Mchumba wangu akafunika uso na mikono. Fikirieni, nilikuwa na nafasi ya kuitwa mlevi, mlevi huwa anaombewa, lakini mimi mwenyewe kwa mdomo wangu nikachagua kusema niliwaletea takataka ya barabarani.

Kukhu ndiye alivunja kimya. Aliuliza kwa Kinyore, lugha ya kwao, shangazi akakataa kutafsiri, jamaa yangu akatafsiri kwa furaha: "Ati kuna ingine imebaki?"

Yaliyobaki ni mafupi. Tulipanguza, nikapewa koti ya mzee, tukala ugali na kuku (si yule wa dirisha), tukarudi, nikamnunulia jamaa soda njiani ndio asiseme na mkaona vile alisema. Binamu yangu wa Form 3 amenieleza kwamba hamira ya maganda inakula sukari inatoa pombe na gesi, na kwamba ile robo kilo ya Ijumaa ndio ilikuwa chakula cha safari. Asante, binamu, ungesema Ijumaa.

Mchumba hajapiga. Ametuma tu meseji moja leo asubuhi: "Mama anauliza hiyo rangi inatokaje kwa kitambaa."

Nimemjibu ajaribu limau na chumvi. Na kama hana limau, mimi niko na maganda.