Hela ninayo, tamthilia hamniuzii

Jumamosi nimekaa zangu nyumbani Uyole, Mbeya, baridi ya mwezi wa saba ile ya soksi mbili mbili, nikasema leo naangalia Dawson's Creek, ile tamthilia ya Kimarekani ya vijana, kihalali. Sio kwa flash wala VPN, ile programu ya kujifanya upo nchi nyingine, kihalali kama mtu mzima mwenye kazi. Mimi na dada yangu tuliiangalia kwa CD za kuazima zilizokwaruzwa mpaka basi, wanakaribia kubusiana picha inaganda, ikirudi watu washagombana.

Nimejiunga bando, nimetengeneza ile kadi ya kwenye simu, nimelipia mwezi mzima kwenye huduma moja ya kuangalia mtandaoni, jina silitaji. Natafuta, naletewa tamthilia za juzi tu, watoto wa shule wana simu za bei kuliko mshahara wangu. Nikahamia huduma nyingine, jina lipo, picha ipo, nabonyeza naambiwa haipatikani katika eneo lako. Sasa picha mmeniwekea ya nini, niilambe?

Halafu mtu atakuja kusema Waafrika tunapenda vya bure! Jamani hela nimeshika mkononi hakuna wa kuipokea. Tamthilia yenyewe ni ya 1998 mpaka 2003, nani wakati huo aliwaza kuangalia kwenye simu akiwa Mbeya, kwa hiyo haki za kuionyesha zinauzwa vipande vipande nchi kwa nchi kama nyama buchani, na sisi huku ndio makongoro, hakuna anayetuulizia. Na hata makongoro yana bei yake.

Nyimbo ndio usiseme. Ule wimbo wa mwanzo wa Paula Cole, ambao ukiusikia tu unaacha vyombo unakimbilia TV, kwenye DVD za baadaye na mtandaoni uliondolewa kwa ajili ya mambo ya haki na malipo, ukabandikwa wa Jann Arden. Mpaka 2021 ndio Paula Cole akaurekodi upya ukarudishwa. Yaani miaka yote hiyo aliyelipa kihalali ndiye aliyepewa wimbo wa kubandika!

Wakati huo dogo mmoja pale Kabwe, kompyuta ina vumbi, kibodi herufi zimefutika, ana folda kaandika SIZONI ZA ZAMANI. Za Dawson's Creek zote sita anazo. "Dada lete flash, buku tano nakuwekea zote." Haya, najua ni wizi, COSOTA, wale wa hakimiliki, wakimfuata watakuwa na haki yao, na waigizaji nao wanakula, sawa. Lakini huyu dogo ndiye mtu pekee aliyeniuliza nataka nini.

VPN msiniambie, natafuta halali sitafuti mlango wa uani.

Kitu kimoja tu nimekipata safi, MTV Shuga, tamthilia ya vijana, ile ya Nairobi ya 2009 aliyocheza Lupita Nyong'o kabla hajawa Lupita, wenyewe wameiweka YouTube bure. Mtoto wa dada nimemuonyesha, kacheka simu zao, halafu kanyamaza anaangalia, bando likaishia patamu.

Usiku dada kapiga kutoka Makambako. "Umeipata?" Nikamwambia bado, natafuta njia halali. Akaniuliza kwani dogo wa Kabwe kafunga?