Amana ya nyumba na kodi ya mwezi wa mwisho

Wenye nyumba wa Nairobi wana lalamiko moja la kila mwisho wa mwezi: mpangaji akishatoa notisi ya kuhama, huacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho na kumwambia msimamizi wa jengo, kwa utulivu kabisa, "Kateni kwenye dipoziti." Mkataba alioutia sahihi unamkataza, kwa kuwa mikataba mingi ya nyumba ina kifungu kinachosema kwamba amana haitatumika kuwa kodi, na kwa sababu hiyo mwenye nyumba humwona kuwa mtu asiyetimiza neno lake. Lalamiko hilo lina msingi na nitalirudia hapa chini. Hata hivyo, nadhani wapangaji hawa wamehukumiwa kabla ya kusikilizwa, kwa sababu wanachokifanya ni karibu njia pekee iliyobaki mikononi mwa mtu wa kipato cha kawaida ya kuilinda fedha yake.

Amana ni fedha ya mpangaji iliyowekwa kwa mwenye nyumba ili, iwapo kutakuwa na deni au uharibifu, pawe na mahali pa kulipia. Mwenye nyumba haimiliki. Ameishika tu, na anayetaka kuikata ndiye anayepaswa kuonyesha hasara aliyoipata. Katika maisha ya kila siku mambo huenda kinyume. Anayeishika fedha ndiye anayekagua nyumba, ndiye anayetaja bei ya matengenezo, na ndiye anayeamua ni kiasi gani kirudi na kirudi lini. Mpangaji, ambaye tayari amekwisha kulipia lori la kuhamisha vyombo pamoja na amana nyingine kwenye nyumba mpya, hubaki akipiga simu.

Niliwahi kuhama nyumba ya chumba kimoja cha kulala upande wa Kasarani baada ya kukaa miaka minne. Kodi ilikuwa shilingi 22,000, na amana kiasi hicho hicho. Nililipa kodi hadi siku ya mwisho, nikasugua sakafu na vigae vya bafu kwa mikono yangu, nikakabidhi funguo. Msimamizi alipita akimulika kuta kwa tochi ya simu, akasimama karibu na mlango wa jikoni mbele ya mchubuko wa urefu wa kiganja, mahali ambapo mgongo wa kiti ulikuwa ukigusa ukuta. Wiki tatu baadaye nilipewa karatasi yenye mistari mitatu ya kalamu: rangi nyumba nzima 13,000, kitasa 1,800, usafi 2,500. Katika shilingi 22,000 nilirudishiwa 4,700, bila risiti hata moja. Mwezi uliofuata nilirudi kuchukua mapazia niliyoyasahau, na mama aliyehamia pale akanikaribisha ndani. Mchubuko ulikuwa pale pale, kwenye rangi ile ile ya krimu, na yeye naye alikuwa amelipa amana yake kamili.

Ukuta ule mmoja unaweza kulipiwa na kila mpangaji anayepita bila brashi kuugusa, na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza. Wenye nyumba hujibu kwamba kifungu cha kupaka rangi wakati wa kuhama kimo kwenye mkataba na mpangaji alikikubali. Ni kweli kimo. Lakini kifungu cha kupaka rangi kina maana iwapo rangi inapakwa, na kina haki iwapo kinazingatia umri wa rangi yenyewe. Rangi iliyokaa ukutani miaka minne imekwisha kumtumikia mwenye nyumba miaka minne ya kodi. Kufifia kwake, matundu mawili ya misumari ya pazia na kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa asubuhi na jioni ni uchakavu wa kawaida, ambao hulipiwa na kodi. Uharibifu ni mlango uliopigwa teke, sinki iliyopasuliwa, dirisha lililovunjwa. Mpaka kati ya mambo hayo mawili si mgumu kuuona kwa mtu asiye na maslahi. Ugumu ni kwamba anayeuchora ni mtu ambaye fedha tayari ziko mfukoni mwake.

Hapo mtu huuliza: je, sheria haipo? Ipo, na ndipo tarakimu moja inaponinyima utulivu. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, sura ya 296, iliyoanza mwaka 1959, ina baraza lake la kuamua migogoro ya mwenye nyumba na mpangaji wa makazi. Hata hivyo haigusi nyumba ambayo kodi yake ya msingi inazidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo ya msingi hupimwa kwa kutazama hali ya Januari 1, 1981. Shilingi 2,500 za wakati ule zilikuwa kodi ya nyumba ya heshima. Leo ni kodi ya chumba cha mabati, na vyumba vya namna hiyo mara nyingi hupangishwa kwa maneno ya mdomo. Kwa hiyo baraza limewekewa mlango ambao watu wenye mikataba na amana kubwa, yaani wale hasa wenye jambo la kuamuliwa, hawawezi kupita. Mwalimu anayepanga Umoja kwa shilingi 18,000 yuko nje. Muuguzi anayepanga Ruaka kwa 30,000 yuko nje. Tarakimu hiyo imekaa zaidi ya miaka 40 huku kila kitu kingine kikipanda, na Muswada wa mwaka 2021 uliokusudia kuzifumua sheria za upangaji na kuzisuka upya haukufika kuwa sheria. Maduka na hoteli zina sheria yake na baraza lake, sura ya 301, wakati familia inayolala kwenye nyumba ya kupanga imeachiwa mkataba ulioandikwa na upande mmoja.

Wenye nyumba waungwana huniambia kwamba mpangaji aliyeonewa aende kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Ushauri huo ni mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mahakama hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya fedha iliyoshikwa kwa niaba ya mtu mwingine. Inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, haimlazimishi mtu kuwa na wakili, na haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi. Aliyenyimwa amana yake yote, na ana karatasi zake, asisite kwenda. Lakini hesabu ya mtu anayedai shilingi 17,000 ni nyingine. Atapoteza siku kadhaa za kazi. Kabla ya hapo atatakiwa kumtaja anayemshtaki, na wapangaji wengi hawamjui: wanajua jina la msimamizi, na wanajua namba ya paybill ya wakala, yaani ya kulipia kwa simu, ambayo kodi huingia. Nyumba ni ya nani, anakaa wapi, jina lake kamili ni lipi, hawajawahi kuambiwa.

Mpangaji aliyeyaona haya mara moja hayarudii. Anapokaa mwezi wa mwisho bila kulipa, anakuwa yeye ndiye aliyeshika fedha, na mzigo wa kuthibitisha uharibifu unarudi kwa yule ambaye ulikuwa wake tangu mwanzo.

Upande wa mwenye nyumba nao una uzito. Wengi si matajiri wa kufikirika. Ni wastaafu waliojenga vyumba vinane kwa mkopo, na mwezi mmoja bila kodi huwafanya wachelewe kulipa benki. Mpangaji akiimaliza amana kwa kukaa, kisha akaacha bili ya maji ya miezi mitatu na mlango wa choo uliong'olewa, hakuna pa kufidia, na wapo wanaohama usiku. Ninalikubali hilo bila kusita. Lakini mwenye nyumba huyo hajaachwa mikono mitupu. Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, sura ya 293, inamruhusu kumtuma dalali wa mnada mwenye leseni akamate vyombo vya mpangaji aliyemo ndani ya nyumba na hajalipa. Mpangaji hana sheria inayomruhusu kuondoka na kitu cha mwenye nyumba asiyerudisha amana. Tofauti hiyo husahaulika watu wanapozungumzia uaminifu.

Uingereza ilikuwa na ugomvi kama huu. Tangu Aprili 2007, huko England na Wales, amana ya nyumba za kawaida za kupanga lazima ilindwe na mpango ulioidhinishwa na serikali. Mwenye nyumba asiyeisajili ndani ya siku 30 anaweza kuamriwa kulipa hadi mara tatu ya amana, na mgogoro ukitokea kuna mwamuzi asiye wa upande wowote ambaye humtaka mwenye nyumba ndiye athibitishe. Kwetu gharama ya kuendesha mpango huo itakuwa hoja, na wenye nyumba wadogo, ambao hutumia amana ya mpangaji anayeingia kumrudishia anayetoka, wataumia mwanzoni. Naona ni maumivu yanayostahili kuvumiliwa, kwa sababu mzunguko huo ndio unaoichelewesha fedha ya watu miezi miwili na mitatu.

Mpaka hapo tutakapofika, simshauri kila mtu aache kulipa mwezi wa mwisho, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuvunja mkataba na kunaweza kumletea dalali mlangoni. Namshauri aanze siku ya kuingia. Nilipohamia ninapokaa sasa nilizunguka na msimamizi kabla ya kuingiza hata kiti, nikapiga picha 31: mita ya maji na namba zake, ufa wa sinki, madoa ya unyevu chini ya dirisha, kila kitasa. Nilimtumia zote kwa WhatsApp tukiwa tumesimama sebuleni, nikamwomba aandike kwamba ameziona, kisha nikamwomba jina kamili la mwenye nyumba na kulitaka liandikwe kwenye mkataba. Alisita kidogo kuhusu hilo la jina, akapiga simu, akaliandika. Mwezi wangu wa mwisho katika nyumba hii nitaulipa. Mpangaji ambaye hana picha hizo, hajui jina hilo, na amewahi kupewa karatasi ya mistari mitatu kama ile yangu, sitamlaumu akiwaambia wakate kwenye dipoziti.