Filamu ya Kolwezi, tuzo ya Cannes, mtazamaji wa Katuba

Jina la Kongo linapotajwa kwenye matamasha ya filamu ya Cannes, Berlin au Rotterdam, wapenda filamu wa Lubumbashi tunagawanyika papo hapo. Wapo wanaoshangilia kabla hawajaona hata dakika moja ya filamu yenyewe, maana kushinda huko ni kushinda. Wapo wanaosema tuzo hiyo haituhusu: fedha ni za Ulaya, majaji ni wa Ulaya, sisi tumetoa sura na vumbi tu. Maneno hayo mawili nimeyasikia miaka mingi, na siku hizi yananigusa zaidi kwa sababu naandika uhakiki wa filamu. Mhakiki asipojua tuzo ya nje ina uzito gani, atajikuta ananakili sifa zilizokwisha kuandikwa Paris, au anaikashifu filamu nzuri kwa kuwa tu ilisifiwa Paris.

Msimamo wangu niuseme mapema. Majaji wa matamasha makubwa wana jicho, na mara nyingi jicho lao halikosei. Wanachokosa ni sikio, pamoja na ujuzi wa kazi na bei za watu wanaowaona kwenye kioo. Pengo hilo ndilo la mhakiki wa hapa kuliziba, na wengi wetu hatulizibi.

Chukua Makala, filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyotwaa Tuzo Kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Makala ni ule ule mkaa wa Dar es Salaam na Mombasa. Kabwita, kijana wa kijiji cha Walemba, anakata mti mkubwa kwa shoka, anauchoma chini ya tuta la udongo, anapakia magunia kwenye baiskeli mpaka baiskeli haionekani tena, kisha anaisukuma kwa miguu kilomita kama 50 hadi Kolwezi. Anatafuta fedha za mabati ya nyumba. Barabarani lori linaupiga mzigo na kuuangusha. Kwenye kizuizi wanamdai kabla ya kumpisha. Mjini wanunuzi wanaivuta bei chini, naye hana nguvu ya kuivuta juu, maana magunia hawezi kurudi nayo.

Majaji waliona vizuri. Sehemu ya kukata mti peke yake inatosha kumfundisha kijana anayetaka kushika kamera. Shoka linapiga, linapiga tena, mti unakataa, na mwongozaji hakati picha kutuonea huruma. Tunakaa pale mpaka mabega yetu yanauma. Kisha zile gurudumu zinazozama kwenye mchanga, pumzi ya mtu, mikono iliyoshika fimbo ya kusukumia. Atakayesema hii si kazi kubwa ya sinema kwa sababu aliyeipiga ni mgeni, mimi sitakuwa upande wake.

Lakini itazame filamu hiyo hiyo na watu wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Niliwahi kuitazama na majirani, miongoni mwao mama mmoja anayeuza makala mbele ya nyumba yake, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kopo. Sisi vijana tulinyamaza kwa ajili ya picha. Mama hakunyamaza. Alihesabu magunia. Aliuliza miti imebaki umbali gani na barabara, kwa sababu yeye anakumbuka ilipokuwa karibu. Pale kizuizini alisema kwa sauti: «Njo pale faida inaisha», yaani ndipo faida inapoishia. Wahakiki wa Ulaya walimfananisha Kabwita na Sisyphus, yule wa hadithi za Wagiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe milele. Mama hakuona adhabu ya miungu. Aliona hesabu, na ndani ya hesabu aliona watu wanaokula jasho la mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo Cannes haikuwa na sababu ya kulijua. Waya wa umeme unaotoka bwawa la Inga, magharibi kabisa mwa nchi, unasafiri kilomita zipatazo 1,700 na kuishia Kolwezi. Ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi ya shaba. Karibu na mji huo huo kuna bwawa la Nzilo kwenye mto Lualaba, nalo lilijengwa kwa ajili ya shaba tangu enzi za ukoloni. Kwa hiyo Kabwita anasukuma makala kwenda kuuza katika mji ambao ndio mwisho wa waya mrefu kuliko yote nchini, na anapata wateja kwa sababu umeme huo unapita juu ya vichwa vyao kwenda viwandani. Ukishalijua hilo, kila hatua ya baiskeli ile inabadilika maana.

Je, Gras alikosea kutolisema? Wenzangu wengi wanasema ndiyo, ameficha. Mimi nasema hapana. Filamu ile ina nguvu kwa sababu haitoi mhadhara. Ingeanza kueleza habari za Inga, tungempoteza mtu na kupata takwimu. Aliyepaswa kulisema ni mhakiki, wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, ambaye nyumbani kwake makala yanawaka kila jioni. Tulichofanya wengi wetu ni kutafsiri sifa za magazeti ya Ufaransa na kuweka jina la Kongo kwenye kichwa cha habari.

Sasa tuje kwa Augure ya Baloji, ambayo mabishano yake ni mazito zaidi kwa sababu mwongozaji ni mtoto wa mji huu. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akakulia Ubelgiji, akajulikana kwanza kwa muziki. Mwaka 2023 filamu yake ilipata Tuzo ya Sauti Mpya katika kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes, na Ubelgiji ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar. Hapo tu ugomvi ulianza: filamu iliyopigwa Kinshasa na Lubumbashi inawezaje kuwa ya Ubelgiji? Jibu ni fedha. Nchi inayolipa ndiyo inayoandika jina. Mwenye uchungu na hilo na apeleke madai yake kwa wanaopanga bajeti ya utamaduni nyumbani. Baloji hana la kujibu hapo.

Kisa chenyewe: Koffi anarudi kutoka Ulaya na mchumba wake Mzungu, mwenye mimba. Anashika mtoto mchanga wa dadake, damu inamtoka puani inamdondokea mtoto, na ile chuki ya zamani inaamka: huyu ana alama, huyu ni wa shetani. Wanaopinga filamu wanasema tumechoka. Afrika na uchawi tena, ili Mzungu apate kushangaa. Malalamiko haya siyadharau, kwa sababu matamasha kweli yana njaa ya vitu fulani kutoka kwetu: vita, migodi, uchawi, watoto wa mitaani. Kijana anayeandika filamu ya wapenzi wawili wanaogombania kiwanja cha urithi huko Ruashi atahangaika sana kupata mfadhili.

Hata hivyo, kwa Augure nadhani wanakosea shabaha. Baloji hashughuliki na uchawi. Anashughulika na kutuhumiwa, na anasimama upande wa anayetuhumiwa, kisha polepole anamfikia mama aliyemkataa mwanawe na kutuonyesha aliupataje moyo ule. Kila mtu mjini hapa anajua familia iliyomtoa mtoto nje kwa maneno ya namna hiyo. Filamu inayowaangalia watoto hao kama watu, hata ikiwavisha magauni ya waridi barabarani, inatuhusu kuliko inavyomhusu mtazamaji wa Brussels.

Udhaifu wake nauona kwingine, nao ni ule wa sikio. Waigizaji wametoka sehemu mbalimbali. Anayecheza dada mmoja wa Koffi, Eliane Umuhire, ni Mnyarwanda, mwigizaji hodari kweli. Lugha zinachanganyika, Kifaransa, Lingala, Kiswahili, na mji wenyewe hautajwi jina, hivyo mwongozaji anaweza kujitetea kwamba ni mahali pa kubuni. Bado, ndugu wanapozungumza sisikii watu waliokua kwenye uwanja mmoja. Sisi tumelelewa na michezo ya kundi la Mufwankolo, redioni na kwenye televisheni, ambamo neno moja la Kiswahili cha Lubumbashi lilitosha kukuambia huyu anatoka wapi, ana kazi gani na anadanganya nini. Mtazamaji mwenye sikio la namna hiyo hapumbazwi kwa rangi na mavazi. Jaji anayesoma manukuu chini ya picha hawezi kulijua hilo, na simlaumu. Namlaumu mhakiki wa hapa aliyelisikia akanyamaza kwa kuogopa kuonekana mwenye wivu.

Kuna hoja moja kwa upande wa matamasha ambayo wapinzani huikwepa, nayo ni ya ulinzi. Mwaka 2015 serikali ilizuia isionyeshwe nchini filamu ya Thierry Michel kuhusu Daktari Denis Mukwege, anayewatibu wanawake waliobakwa vitani, na hospitali ya Panzi huko Bukavu, L'homme qui répare les femmes. Waziri wa habari wa wakati huo alidai kwamba ushuhuda wa wanawake umetafsiriwa vibaya kwenye manukuu ili kulichafua jeshi. Marufuku ilitoka Septemba na kuondolewa Oktoba, baada ya kelele nyingi za ndani na nje. Mukwege alikuwa ameshapewa tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya mwaka 2014, na filamu ilikuwa inajulikana ulimwenguni. Ingekuwa filamu ya kijana asiyejulikana, ingezimwa na hakuna ambaye angeuliza. Anayesema tuzo za nje ni pambo tu na alikumbuke tukio hilo.

Ila tazama ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nini: maneno ya wanawake yamefasiriwa sawasawa au la? Swali hilo jopo lolote la Ulaya halikuweza kulitatua. Waliokuwa na uwezo wa kulitatua ni wasemaji wa lugha zile, na hao ndio waliozuiwa kuiona.

Tusisahau pia kwamba matamasha si Ulaya peke yake. FESPACO ya Ouagadougou ipo tangu 1969, na mwaka 1999 Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alitwaa pale Farasi wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha hilo, kwa filamu yake Pièces d'identités. Nayo njia haianzii ughaibuni sikuzote. Frank Mukunday na Tétshim walitengeneza Machini (2019) hapa hapa Lubumbashi, filamu fupi ya dakika kama 10 iliyochorwa kwa chaki na kusogezwa mawe picha baada ya picha, juu ya mji unaopumua moshi wa viwanda. Ilisafiri kwenye matamasha bila kubadilisha lafudhi yake. Ukiiona, unatambua udongo.

Upande wa pili wa shilingi ni upole wetu kwa filamu za nyumbani. Kijana wa Kamalondo anapiga filamu kwa simu, upepo unavuma kwenye maikrofoni mpaka mazungumzo hayasikiki, nasi tunaandika «hongera, tuwatie moyo vijana». Huko si kumtia moyo. Sauti ndiyo kitu ambacho angeweza kukirekebisha kwa gharama ndogo kuliko vyote, na hakuna aliyemwambia.

Wataniuliza: unahakiki vipi filamu ambazo hazifiki? Swali la haki. Majumba ya sinema ya zamani mengi yaligeuka makanisa. Ukumbi wa Halle de l'Étoile unaonyesha filamu nzuri, ila kwa mtu wa mitaa yetu ya Kenya au Ruashi jioni ile ina gharama ya nauli na hofu ya kurudi usiku. Zinazobaki ni nakala za fulashi, zenye giza, zilizokatwa, bila manukuu. Mimi nimejiwekea mpaka: filamu niliyoiona kwenye nakala ya namna hiyo naweza kuijadili kwa kisa na mazungumzo yake, lakini siandiki neno juu ya mwanga wala rangi, na msomaji namwambia nimeionea wapi.

Watayarishaji nao wana jibu lao. Matamasha makubwa yanadai filamu isiwe imeshaonyeshwa hadharani kwingine, na baada ya hapo haki zinauzwa kwa wasambazaji ambao hawaoni soko Lubumbashi. Sehemu ya kwanza naikubali. Ni masharti ya mchezo. Ya pili siikubali. Usiku mmoja wa maonyesho Kolwezi, ukuta mweupe, projekta na jenereta, ni tone dogo katika bajeti ya filamu iliyofika Cannes, na unaweza kuandikwa kwenye mkataba kabla kamera haijawashwa. Vivyo hivyo manukuu ya Kiswahili: filamu ambayo watu wake wanasema Kiswahili haina sababu ya kuwa na manukuu ya Kifaransa na Kiingereza tu pale wahusika wanapobadilisha lugha.

Kwa hiyo kila uhakiki wangu wa filamu iliyopigwa Katanga, eneo letu hili, sasa utataja mambo mawili mara tu baada ya jina la mwongozaji: imeonyeshwa wapi hapa nchini, na kwa manukuu ya lugha gani. Tuzo zitakuja baada ya hapo, na uzito wake nitaupa kamili. Ambapo sijapata jibu nitaacha mstari mtupu, na mtayarishaji akitaka kuujaza, nitauchapisha upya.