Mwinjilisti aende kisiwani na watoto, au awaache Moshi?

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulifanya mnada nje ya kanisa kama ilivyo desturi ya sharika nyingi za huku Moshi: mikungu ya ndizi, mayai, maparachichi, kuku wawili. Mapato yote yalikuwa ya mwinjilisti wetu kijana, anayekwenda na mkewe na watoto watatu kutumika katika visiwa vya wavuvi, Ziwa Victoria. Mkungu mmoja ulinunuliwa na kurudishwa mnadani mara nne. Katikati ya shangwe, bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi akauliza taratibu: "Na hawa watoto, shule watasoma wapi huko?" Mnadi akaendelea kutaja bei.

Swali la bibi limetugawa wiki nzima. Wapo wanaosema familia iende pamoja, maana aliyeitwa ameitwa na nyumba yake. Wengine wanasema baba atangulie, mama na watoto wabaki Moshi, yeye awe anakuja likizo. Mimi naegemea kwa wale wa kwanza, lakini kwa sharti ambalo sijalisikia likitajwa.

Binamu yangu na mumewe walitumika miaka minne katika kisiwa kimoja upande wa Muleba, na niliwahi kuwatembelea. Kambi ya dagaa ni makazi ya wanaume zaidi. Wengi wametoka mbali, wake zao wamebaki bara. Usiku wa giza wako ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikipevuka dagaa hawaifuati taa vizuri, basi wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu, na siku hizo ndizo shemeji alizopangia mafundisho ya ubatizo. Sasa mwinjilisti naye akiacha mke Moshi, ana tofauti gani na wao? Atasimamaje kuwahimiza watu watunze nyumba zao? Wanawake wanaoanika dagaa hawawezi kumfuata jioni mwanamume anayeishi peke yake wamweleze ya moyoni. Walimfuata binamu yangu jikoni, akipuliza kuni, na mambo mazito ya kisiwa kile yalisemwa pale kabla hayajafika kanisani.

Hoja hiyo ina nguvu. Lakini nimeona na upande wa pili kwa macho yangu.

Siku ya kurudi tulipanda boti ya mbao alfajiri, kabla upepo haujaanza. Majaketi okozi yalikuwepo, yote ya watu wazima. Binamu yangu alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Akamfungua mgongoni, akamkalisha mapajani, akamfunga kifuani kidumu kitupu cha mafuta ya kula kwa kamba ya katani. Nikamuuliza kwa nini asimwache kwenye khanga mgongoni, kuna baridi. Akanijibu, "Nikimfunga mgongoni na boti ikipinduka, tunazama wote wawili." Alilisema kama mtu anayeeleza namna ya kusonga ugali, alikuwa ameshalipigia hesabu zamani. Tukumbuke kivuko cha MV Nyerere kilizama tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kutia nanga Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, mahali ambapo waliokuwa ufukweni waliweza kukiona. Ongeza malaria, na kichocho kwenye maji ambayo hakuna mama atakayefaulu kumzuia mtoto asiogelee. Homa ikipanda usiku na boti zote ziko kwenye uvuvi, mnasubiri kukuche.

Historia ya misioni visiwani nayo haimpi ushindi yeyote. Mwaka 1858, John Paton, mmisionari Mskoti, alishuka na mkewe Mary katika kisiwa cha Tanna, Bahari ya Pasifiki, nchi ambayo leo ni Vanuatu. Machi 1859 alimzika mke huyo na mtoto wao mchanga, kaburi akalichimba mwenyewe. Baadaye alioa tena, na mwaka 1866 akarudi visiwani humo, akakaa Aniwa na familia. Wasiotajwa sana ni walimu wa injili kutoka visiwa vya Samoa na Rarotonga, waliotangulia pale na wake zao. Kwao hakukuwa na malaria, na wengi wao waliuawa na homa hiyo. Na hatari haikuwa ya wageni pekee: mwaka 1861 surua iliyokuja na meli iliua watu wengi sana Tanna na kisiwa jirani cha Erromango. Wenyeji wa Erromango waliona wageni ndio walioileta, na mmisionari George Gordon na mkewe Ellen wakauawa.

Mzee mmoja wa kanisa alinibana kwa swali: kama kisiwa hakimfai mtoto wa mwinjilisti, kinamfaaje mtoto wa mvuvi? Ni kweli, na mwinjilisti mwenye mtoto darasani atapigania mwalimu na zahanati kuliko anayesoma taarifa akiwa bara. Ila mtoto hakuitwa na dayosisi. Mvuvi mwenyewe, akipata fedha, anampeleka mwanawe shule ya bara, na hakuna anayemwita mwenye imani haba.

Kwa hiyo nasema waende wote wakati watoto ni wadogo, na usharika uingize gharama za familia kwenye bajeti kama tunavyoingiza injini ya boti. Majaketi okozi yenye vipimo vya watoto. Fedha ya dharura ya kukodi boti usiku, iliyo mkononi mwa mama, isisubiri saini Moshi. Mtoto akifika madarasa ya juu ya msingi, ada na mahali pa kukaa kwa watu wanaomfahamu, na nauli ya mama kumfuata. Mnada wetu ulitaja injini mara nyingi. Watoto hawakutajwa hata mara moja, ingawa walikuwa wamesimama pale pale wakila ndizi.

Na mama mwenyewe hajaulizwa. Barua ya wito imemwandikia mumewe. Yeye anatajwa kama "na familia". Binamu yangu naye aliondoka hivyo hivyo, na hadi leo hajui angejibu nini.

Baraza la wazee linakutana Jumapili ijayo. Nimemwomba mwenyekiti mke wa mwinjilisti aitwe, akae mezani, aulizwe mumewe akiwa nje.