Mashua Kuukuu Isivishwe Faibaglasi

Katika fukwe za Kaunti ya Lamu, hasa Matondoni na visiwa vya upande wa Pate, ziko mashua nyingi za mbao zilizopandishwa pwani na kuachwa zikauke kwa jua miaka nenda miaka rudi. Mwenye chombo cha namna hiyo anapoanza kufikiria kukifufua, hakosi washauri wa kumwambia akivishe faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, kwa nje, afunge mashine nyuma, na shughuli iwe imekwisha. Ninaupinga ushauri huo. Nimekulia miongoni mwa mafundi wa vyombo na nimeshika nyundo katika ukarabati wa mashua ya jamaa zangu, na ninaamini kwa dhati kwamba mashua kuukuu hufufuliwa kwa mbao, pamba, mafuta na tanga, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu ilivyoumbwa navyo, na kwamba njia ya mkato huiua hata pale inapoonekana kuipendezesha.

Mashua ya kwetu haichorwi kwenye karatasi. Fundi hulaza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, husimamisha fashini, yaani nguzo ya mbele, na ubao bapa wa tezi nyuma, kisha hupanga mbao akipima kwa jicho, na mengi ya mataruma, miti iliyopinda inayoshika mbao kwa ndani, huchongwa baadaye yafuate umbo ambalo mbao zimekwisha kulitoa. Mbao hizo hazigandishwi kwa gundi. Hukaa ubavu kwa ubavu, na katika kila mwanya baina yao hutiwa kalafati, yaani pamba yenye mafuta ya kuzibia. Chombo kikiwa majini, mbao hunywa maji, huvimba na kuibana kalafati hata maji yasipite. Kikipandishwa pwani, hukauka na kusinyaa. Kwa hiyo mwili wa mashua unasogea daima, japo kwa kiasi kidogo mno, na uhai wake wote umetegemea uhuru huo wa kusogea.

Faibaglasi haikubaliani na mwendo huo. Ni gamba gumu linalotaka kitu kilichotulia chini yake, na rezini yake haishiki vizuri kwenye mbao zilizokwisha kulowa chumvi na kunyonya sifa, yaani mafuta ya papa, kwa miongo kadhaa. Mbao zikivimba, gamba hupasuka mahali fulani, mara nyingi pembeni mwa mkuku ambapo chombo hukwaruzana na mchanga, na maji hupenya baina ya gamba na ubao yasipate njia ya kutoka. Kwa nje mashua huendelea kung'aa, ilhali ndani ubao unageuka unga. Sisemi kwamba faibaglasi ni kitu kibaya chenyewe, kwa kuwa boti iliyoundwa nayo tangu mwanzo inaweza kutumika vyema kwa miaka mingi. Ninachokikataa ni kulivika gamba hilo juu ya mwili uliojengwa kwa kanuni nyingine, tena bila kuyagusa mataruma yaliyooza ndani, ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Ukarabati wa kweli huanza kwa kisu. Rangi yote ya zamani huparuzwa, kisha ncha ya kisu hupitishwa ubao kwa ubao na taruma kwa taruma, na mahali inapozama kwa urahisi ndipo penye kuoza. Wengi huanza kutazama chini, mahali panapokutana na bahari, kwa kudhani kwamba maji ya chumvi ndiyo adui mkuu. Maji ya mvua huozesha mbao zaidi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo vichwa vya juu vya mataruma, pembe za tezi, na mstamu, yaani gogo linaloshika mguu wa mlingoti, ndivyo vinavyostahili kuchunguzwa kwanza. Chini ya maji adui ni mwingine: minyoo ya baharini ambayo huingia kwa tundu dogo lisiloonekana kwa urahisi na kuchimba ndani ya ubao mpaka ubaki ganda tupu. Ubao ulioliwa hivyo hutambulikana kwa mlio wake unapogongwa kwa nyundo, na hauna dawa isipokuwa kubadilishwa.

Mataruma hayang'olewi yote kwa pamoja. Hapa nasisitiza, kwa sababu nimeona vyombo vizuri vikiharibiwa kwa pupa: mashua iliyovuliwa mataruma yake hulegea, mbavu hutanuka, na umbo ambalo fundi wa kwanza alilitoa kwa jicho lake hupotea moja kwa moja, kwani hakuna mchoro wa kulirudishia. Chombo hutegemezwa kwa magogo pande zote mbili, kisha hutolewa taruma moja, huchongwa lingine kwa tezo kwa kulifuata lile la zamani, hupigiliwa, ndipo huhamiwa la pili. Taruma zuri halikatwi katika ubao ulionyooka. Fundi hulitafuta kwenye mti wenyewe, katika tawi lililopinda kwa asili, ili nyuzi za mti zifuate mpindo na nguvu isikatike katikati. Mlilana, mmojawapo wa mikoko yetu, umetumika kwa kazi hiyo tangu enzi na enzi, na mbao za ubavuni zinazosifiwa Lamu ni za mbambakofi, mti mgumu na mzito unaostahimili maji.

Kisha huja misumari na kalafati, kazi ambayo watazamaji huiona ndogo. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, na kichwa cha msumari uliopakwa zinki huviringishiwa uzi wa pamba uliochovywa mafuta, ili kikikaa mahali pake kizibe tundu lake chenyewe. Pamba ya kalafati nayo hulowekwa katika mafuta na kusukumwa katika mwanya kwa patasi butu, si kwa nguvu za kuonyesha ubavu, bali kwa kipimo. Ikiingia legelege maji yatapita, na ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zitakapovimba zitasukumana na kung'oa misumari. Kipimo hicho hakisomwi popote. Kiko katika mkono wa fundi na katika sauti ya nyundo inayobadilika pamba inapofika chini, na ndiyo sababu nasema kijana mmoja aliyekaa karibu na fundi mzee kwa ukarabati wa chombo kimoja amepata elimu kubwa.

Sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaowazuia minyoo, na sehemu ya juu hupakwa sifa. Rangi za kisasa za kuzuia viumbe vya baharini sizikatai ikiwa mwenye chombo anazimudu, kwa kuwa zinakaa juu ya ubao bila kuufungia pumzi. Lililo muhimu ni kurudia upakaji huo kila baada ya muda. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, maji ya kwetu hupanda na kushuka kwa takriban mita 3, kwa hiyo chombo huweza kulazwa ubavu juu ya mchanga, kikasuguliwa na kupakwa kabla maji hayajarudi.

Sasa nije kwenye tanga, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalodhulumiwa kuliko kitu chochote katika ukarabati wa siku hizi. Watu hutumia fedha zao zote kwenye mwili wa chombo, kisha husimamisha mlingoti wowote na kuning'iniza kitambaa chochote, mradi mashua ipendeze machoni mwa wageni. Tanga la pembe tatu si pambo. Mlingoti wake huinamishwa mbele kidogo, na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, huundwa kwa miti iliyounganishwa na kufungwa kwa kamba ili iwe minene katikati na myembamba nchani, ipate kupinda kidogo upepo unapozidi na hivyo kuupunguzia mlingoti mzigo. Tanga lenyewe hushonwa likiwa na tumbo, na kamba ya ukingoni huvutwa zaidi ya kitambaa kwa kiasi ambacho mshonaji anakijua. Likishonwa bapa, mashua haiendi joshini, yaani upande upepo unakotoka, bali huteleza ubavu na kumchosha nahodha. Zamani kitambaa kilikuwa marekani, ile pamba nzito iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, na leo kitambaa cha polista kinatumika bila kuharibu lolote, maana ushonaji ndio ulioyatenganisha matanga mema na mabaya.

Kamba nazo zina utaratibu wake. Henza ya kupandishia foromali hupita katika gofia, yaani kapi, iliyopakwa shahamu, na hushuka ikafungwa nyuma ya mlingoti, hivyo nayo husaidia kuushikilia. Kamba za kuukaza mlingoti hazikai pande zote mbili kwa kudumu, bali huhamishiwa upande wa joshi kila chombo kinapogeuzwa, ili upande wa pili ubaki wazi na foromali ipate nafasi ya kuzungushwa mbele ya mlingoti. Demani, kamba ya kuongozea tanga, hushikwa mkononi au hufungwa kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kwa kuwa dhoruba haingoji. Mtu anayeweka nyaya za chuma za kudumu kila upande, kama nilivyoona zimewekwa katika vyombo kadhaa vya kutembezea wageni, amekiondolea chombo uwezo wa kupindua tanga, na kimebaki kwenda upande mmoja kama kijitu kilichofungwa mguu.

Mashine hunisumbua kwa sababu nyingine. Mvuvi anayelazimika kwenda mbali na kurudi na samaki kabla barafu haijayeyuka ana haki ya kuitumia, na sina neno naye. Lakini uzito wake hukaa juu ya ubao wa tezi, mahali ambapo mashua ya tanga haikukusudiwa kubeba kitu, na mtetemo wake hulegeza misumari na kuitoa kalafati kidogo kidogo. Chombo kilichokarabatiwa kwa gharama kubwa kisha kikafungwa mashine bila kuimarishwa tezi hurudi pwani mapema kikivuja, na hapo husemwa kwamba mbao zimepitwa na wakati.

Gharama ni kikwazo halisi, na mbao ni kikwazo kikubwa zaidi. Katazo la kukata miti katika misitu ya umma lililotangazwa Kenya mwaka 2018 liliwabana mafundi wa Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi, na sidhani kwamba jibu ni kufungua misitu ikatwe ovyo. Jibu lililo karibu ni kutenga miti michache iliyopinda kwa ajili ya ukarabati wa vyombo vilivyopo, ikatwe kwa idhini na ipandwe mingine, kwani kufufua mashua moja hutumia miti michache sana kuliko kuunda mpya. Ufundi hauna upungufu: mafundi hawahawa wa Lamu ndio walioiunda Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, dau lililosafiri hadi Unguja mwaka 2019, na waliliunda kwa mkuku, mataruma na mbao kwa mpango uleule wa baba zao. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na majengo yake ya mawe hupata wafadhili. Ningependa sehemu ya fedha hizo ilipe ujira wa fundi mzee na wanafunzi wake wawili watatu kwa kila mashua inayofufuliwa, kwa sharti kwamba chombo kipandishwe chini ya banda la makuti kabla ya masika, kikamilike kabla kaskazi haijaanza kuvuma, na kikabidhiwe mwenyewe kikiwa na mlingoti, foromali na tanga lililoshonwa kwa kipimo chake.