Soko la Kariakoo: tunahifadhi zege au tunahifadhi hewa?

Tangu Soko la Kariakoo liungue usiku wa Julai 10, 2021, wapo wanaoona ni heri livunjwe lipishe ghorofa refu, na wapo wanaotaka kazi ya msanifu Beda Amuli isiguswe. Serikali ilipita katikati: soko kuu likarabatiwe, soko dogo la jirani lijengwe upya kwenda juu.

Wanaotaka kuvunja hawabahatishi. Kiwanja cha Kariakoo ni ghali, na jengo la miaka ya 1970 halikupigiwa hesabu ya umati wa leo. Tena zege lililoungua halipimwi kwa macho. Likipita nyuzi 300 hivi za Selsiasi huweza kugeuka rangi ya waridi, kutegemea kokoto zake. Likifika 600, nguvu zake nyingi zimekwisha. Nyundo ya kupimia husoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo lazima vipande vikatwe kwenye nguzo na mihimili vikapondwe maabara. Anayepiga plasta kabla ya hapo anaficha ugonjwa.

Lakini jengo lenyewe lina akili. Paa ni miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja juu ya nguzo yake, kingo zimeinuka. Mvua hukusanyika katikati na kuteremshwa hadi tangi lililo chini ya ardhi, huku hewa ikipita pembeni bila kiyoyozi. Mpango huo hufa kimyakimya: mfuko mmoja wa nailoni ukiziba mdomo wa bomba, maji hutuama, hupenya, nondo hupata kutu, hutanuka na kubandua zege. Vizimba navyo vikizungushiwa mbao na mabati, hewa imekwisha.

Sheria haisaidii sana. Ile ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863; ya juzi husubiri tangazo la waziri. Ndiyo maana mwenye nyumba ya zamani mtaani Upanga, Dar es Salaam, anaweza kung'oa madirisha ya luva (vipande vya mlalo vinavyopitisha hewa), akaweka vioo vya kuteleza vinavyofunguka nusu tu, kisha akalalamikia bili ya umeme. (Hapo hata tingatinga halikuhitajika.)

Kwa hiyo naona njia ya kati ni sahihi, ila kwa sharti: mkataba wa matengenezo utaje usafishaji wa midomo ya mabomba kabla ya masika na kabla ya vuli, na upige marufuku kuziba pande zilizo wazi. Rangi mpya inaweza kusubiri.