Bryce Young, benchi na ndizi za kuvundika

"Shem, kijana kaisha."

Ujumbe huo ulinifikia Jumatatu usiku, Septemba 16, 2024, kutoka kwa shemeji yangu anayeendesha lori kule Charlotte, North Carolina. Yeye ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu wa mpira wa Kimarekani, na sijamsamehe. Jana yake nilikuwa nimekaa sebuleni Tabata tangu saa mbili usiku, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nawaangalia Carolina Panthers wakichapwa 26-3 na Los Angeles Chargers, tena nyumbani kwao. Bryce Young, kwotabeki wao, alipata yadi 84 tu za pasi mechi nzima. Wiki moja kabla New Orleans walikuwa wamewapiga 47-10. Basi Jumatatu kocha Dave Canales akatangaza kwamba namba anapewa Andy Dalton, mkongwe wa miaka 36, na Young akasugue benchi.

Kwa usiyeufuatilia mchezo huu: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, kisha aamue aukabidhi kwa mwenzake, aurushe, au akimbie nao mwenyewe, huku mijitu ya kilo 130 ikimjia. Muda wenyewe ni sekunde mbili na kitu, tatu akibahatika. Anafanana na kipa kwa jambo moja: nafasi ni moja tu. Winga aliyepoteza namba upande wa kulia anaweza kuingizwa dakika ya 70 akacheza kushoto. Kipa namba mbili hukaa mpaka wa kwanza aumie, au aboronge. Kwotabeki naye ni vivyo hivyo.

Hasira za shemeji nilizielewa. Mwaka 2023 Panthers walitaka zamu ya kwanza kabisa ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, ili wamchukue huyu Young. Waliipata kutoka Chicago kwa kumtoa mchezaji wao bora wa kudaka pasi, DJ Moore, pamoja na zamu nne za kuchagua: mbili za mwaka uleule, moja ya raundi ya kwanza ya 2024 na moja ya raundi ya pili ya 2025. Halafu msimu ukaisha wameshinda mechi 2, wamefungwa 15. Kwa kuwa timu ya mkiani ndiyo huchagua wa kwanza, ile zamu waliyoitoa ya 2024 ikageuka kuwa namba moja, na Chicago wakaitumia kumchukua Caleb Williams. Mkopo wa kausha damu haunyonyi hivyo.

Na kijana mwenyewe? Alitoka Alabama na tuzo ya Heisman ya 2021, ile ya mchezaji bora wa vyuo vikuu nchi nzima. Urefu wake ni sentimita 178, mfupi kwa kazi hiyo, na kila mtu alilijua hilo kabla ya kumsajili. Msimu wa kwanza aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 62. Kocha aliyempokea, Frank Reich, alifukuzwa Novemba baada ya mechi 11, kashinda moja. Msimu wa pili ukaanza kwa mechi mbili bila pasi hata moja ya tachidauni, yaani ya bao, na pasi tatu zilizonaswa na wapinzani. Ndipo benchi.

Swali ambalo watu waliliuliza usiku ule, na huulizwa kila kijana anapokalishwa, ni kama bado anaweza kukua. Majibu huwa mawili. Wapo wanaosema kijana akishawekwa nje amevunjika, hafai. Wapo wa mvumilivu hula mbivu, wanaoamini kwamba mtu akikaa, akatulia, akamwangalia mkubwa wake anacheza, ataiva tu. Mimi siko kwa hawa wala kwa wale, na sababu yangu ni ndizi.

Nimekulia Bukoba. Bibi alipotaka ndizi za kutengenezea rubisi, pombe ya kwetu, alizivundika: shimo, moto wa kulipasha, majani ya mgomba chini na juu, udongo, siku kadhaa. Siku ya kufukua, harufu ilikuwa inafika barabarani. Lakini kabla ya kuzishusha shimoni alikuwa anazikagua mkungu kwa mkungu, anaminya, anatazama kingo za ndizi kama zimeshajaa. Changa alizitupa pembeni. Ndizi changa ukiivundika haiivi, inanyauka na kuwa nyeusi huku ndani bado ngumu. Shimo halikomazi. Linaivisha kilichokwisha komaa mgombani.

Mgomba wa kwotabeki ni mechi. Wanaolitetea benchi hupenda kumtaja Patrick Mahomes, aliyekaa karibu msimu mzima wa 2017 nyuma ya Alex Smith, au Jordan Love, aliyemsubiri Aaron Rodgers miaka mitatu, kama Rodgers mwenyewe alivyomsubiri Brett Favre. Ni kweli. Ila hao walikaa kabla ya kuharibikiwa, hakuna aliyewanyang'anya kitu, na walifika wakiwa wamecheza sana vyuoni. Kuvuliwa namba mbele ya watu elfu 70 ni jambo jingine.

Tena benchi la ligi ile ni la baridi kuliko la kwetu. Hapa kijana asiyepata namba Simba au Yanga hutolewa kwa mkopo, akaenda mkoani kucheza kwenye viwanja vya vumbi na kurudi amepigwa jua. NFL, ndiyo ligi yenyewe, hakuna mkopo. Hakuna ligi ya akiba wala timu ya vijana. Zamani ilikuwepo NFL Europe: Kurt Warner alicheza Amsterdam mwaka 1998, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa NFL nzima. Msaidizi wake kule Amsterdam, Jake Delhomme, ndiye baadaye aliyewafikisha hawahawa Panthers fainali ya Super Bowl, Februari 2004. Ligi ile ilifungwa 2007. Tangu hapo, aliyekalishwa hana pa kwenda.

Mazoezini je? Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Msimu ukishaanza, mazoezi ya kuvaa vifaa kamili na kugongana yamewekewa kikomo katika mkataba na chama cha wachezaji, mara 14 kwa msimu mzima. Kwa hiyo karibu kila zoezi la maana anapewa anayeanza. Namba mbili kazi yake kubwa ni kuigiza mashambulizi ya timu mtakayokutana nayo Jumapili, ili mabeki wenu wajifunze. Yaani kijana aliyekosa kujiamini katika mchezo wake anaambiwa ashinde wiki nzima akicheza mchezo wa mtu mwingine.

Hili nalijua mwilini. Kidato cha pili nilikuwa kipa wa shule, nikafungwa goli la kizembe, mpira umenipita katikati ya miguu kama kuku. Mwalimu wa michezo akanitoa. Mazoezini nikapewa kazi ya kuokota mipira iliyopita nyuma ya goli na kubeba ndoo ya maji. Wiki nne sikudaka kitu. Aliyeniokoa ni kipa aliyechukua nafasi yangu, kaka wa kidato cha nne, ambaye jioni moja alinigeukia na kusema, "Dogo, simama hapo nyuma ya nyavu, kila nikifungwa niambie nilikuwa nimekaa vibaya wapi." Nikawa namwambia. Nusu ya makosa niliyomwambia yalikuwa yangu.

Nadhani kitu cha namna hiyo kilimtokea Young, na hapa nasema maoni yangu, simsemei yeye. Machi 2024, miezi sita kabla hajakalishwa, Panthers walikuwa wamemwaga fedha kununua wakingaji wawili wa mbele yake, Robert Hunt na Damien Lewis. Hunt peke yake mkataba wake ni wa dola milioni 100 kwa miaka mitano. Ukuta ulikuwa umeshajengwa upya. Lakini ukimwangalia Young katika zile mechi mbili za Septemba, alikuwa anacheza kana kwamba ukuta wa 2023 ndio bado uko mbele yake: anakimbia kabla hajakimbizwa, macho yanashuka kuwatazama wanaomjia badala ya wanaomsubiri mbali. Mtu aliyeangushwa mara 62 mwili wake unakumbuka, hata kichwa kikisahau.

Jumapili iliyofuata Dalton akasimama nyuma ya ukuta uleule, huko Las Vegas, akatupa yadi 319 na tachidauni tatu, wakashinda 36-22. Wakingaji walewale, kocha yuleyule. Young alikuwa pembeni anatazama. Nikiambiwa nitaje siku aliyoanza kuiva, nitaitaja hiyo, siku ambayo hakucheza.

Mkongwe naye hakuwa dawa. Mechi nne zilizofuata zote walifungwa. Na wala Young hakurudishwa kwa kuwa ameonekana yuko tayari. Oktoba 22 Dalton alipata ajali ya gari akiwa na familia yake. Walitoka salama, ila kidole gumba cha mkono wake wa kurushia kikateguka. Ndiyo kusema bila ajali ile huenda mimi leo naandika makala nyingine. Watu wa mpira hatupendi kukiri ni mara ngapi maisha ya mchezaji yameamuliwa na taa za barabarani.

Mechi ya kwanza aliporudi alifungwa Denver. Ya pili wakawashinda New Orleans 23-22, na kesho yake New Orleans wakamfukuza kocha wao. Ya tatu ilichezwa Munich, Ujerumani, Novemba 10, saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za kwetu. Ndiyo mara ya kwanza niliiangalia timu ya shemeji bila kukaa macho usiku, na nikawaonyesha watoto, ambao waliuliza kwa nini mpira umechongoka. Panthers walishinda 20-17 katika muda wa nyongeza. Young hakufanya makubwa siku hiyo, lakini aliusimamia ukuta wake. Msimu ulipoisha, kwa Atlanta, wakashinda 44-38 na yeye akiwa na mkono katika tachidauni tano, tatu za kupasi na mbili za kukimbia. Jumlisha: kabla ya benchi, pasi za tachidauni sifuri na zilizonaswa tatu. Baada ya benchi, 15 kwa sita.

Sasa mgeukie Anthony Richardson wa Indianapolis, aliyechaguliwa wa nne katika uchaguzi uleule wa vijana wa 2023. Mrefu, ana mwili wa chuma na mkono wa kurusha mpira mpaka mtaa wa pili. Ila chuoni Florida alikuwa ameanza mechi 13 tu. Oktoba 2024, kule Houston, aliomba atoke apumzike kwa shambulizi moja, akasema amechoka. Akachekwa nchi nzima, akawekwa benchi, nafasi akapewa Joe Flacco wa miaka 39. Baada ya mechi mbili akarudi na kuwafunga New York Jets 28-27. Lakini msimu uliofuata namba akaichukua Daniel Jones, ambaye naye alikuwa amekataliwa na New York Giants. Wenye kumcheka Richardson mimi siwaungi mkono. Alikuwa ndizi changa. Alichohitaji ni mechi, mechi mbaya nyingi mfululizo, na benchi ndicho kitu pekee kisichoweza kumpa hizo. Trey Lance wa San Francisco alipita njia hiyohiyo akiwa na msimu mmoja kamili wa chuo, na jeraha la kifundo cha mguu juu yake.

Wa kumtazama kinyume ni Sam Darnold. Alishaanza mechi zaidi ya 50 katika jezi za Jets na za Panthers, nyingi zikiwa za aibu, kabla ya kwenda San Francisco 2023 kukaa nyuma ya Brock Purdy. Mwaka mmoja wa kimya. 2024 akaipeleka Minnesota ushindi wa mechi 14, na Februari 2026 akatwaa Super Bowl na Seattle. Alikuwa amekomaa zamani, hajapata shimo lenye joto. Carolina walikuwa naye wakamwachia, na shemeji jezi yake bado anayo, eti anaoshea lori.

Young bado hajanishawishi kabisa. Msimu wa 2025 alitupa yadi 448 dhidi ya Atlanta na kuvunja rekodi ya klabu iliyowekwa na kwotabeki wao wa zamani, Cam Newton, yadi 432 za mwaka 2011. Zipo wiki nyingine alizocheza ukatamani kulala. Panthers walitwaa ubingwa wa kundi lao kwa kushinda mechi nane na kufungwa tisa, jambo ambalo ukimweleza mtu wa Ligi Kuu ya kwetu atadhani unamtania. Januari wakatolewa na Rams 34-31, mechi iliyoanza kwangu saa sita na nusu usiku. Dakika za mwisho walikuwa wanaongoza.

Ilipoisha nilimtumia shemeji ule ujumbe wake wa Septemba 2024, kama ulivyo. Alikaa kimya robo saa, kisha akajibu kwamba siku ile alikuwa anamzungumzia Dalton.